Alipoletewa Mke Mwenza

"Mirija yako yote miwili iko wazi, Nzisa. Ile dawa imepita bila kizuizi. Kizazi ni kizuri, mayai yanakomaa, damu haina neno. Mimi sina cha kukutibu."

Daktari Rachel alisema hayo akitabasamu, akaisogeza ile picha nyeusi mezani ili Nzisa ajionee mwenyewe. Nzisa aliitazama. Palikuwa na alama nyeupe mbili nyembamba, zimejipinda. Kwa ajili ya alama hizo alikuwa amelala juu ya kitanda cha chuma siku mbili nyuma, akang'ata kitambaa chake cha kichwa mpaka kikatoboka.

"Mbona hufurahi?" daktari akamuuliza.

"Nafurahi, daktari."

"Wengine hapa hulia kwa furaha. Wewe naona unalia vingine."

Nzisa akajifuta machozi haraka. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mshonaji wa mapazia aliyejulikana Kitengela nzima, mwanamke ambaye mafundi wa ujenzi walimwogopa kwa ulimi wake. Lakini ndani ya chumba hiki alikuwa akigeuka mtoto kila alipoingia, na alikuwa ameingia mara nyingi.

"Nimekuona hapa miaka mitatu," Daktari Rachel aliendelea. "Kila mara uko peke yako. Na mume wako ni daktari wa ng'ombe! Yeye ndiye angekuwa wa kwanza kujua kwamba ndama hatoki kwa ng'ombe peke yake."

"Ako na kazi mingi."

"Kumpima mwanaume ni nusu saa na kikombe kidogo. Mwambie nimesema." Halafu akashusha sauti, akavua miwani. "Na nikuulize kama dada yako. Mnakutana mara ngapi kwa mwezi?"

Nzisa akahisi shingo ikipata moto.

"Kawaida tu."

"Kawaida ni ngapi?"

"Kawaida, daktari. Vile watu hukutana."

Ulikuwa uongo. Tangu Krismasi, na sasa ilikuwa Agosti, Koinet alikuwa amemgeukia mara tatu. Kila mara alikuwa ameonja pombe kwanza. Kila mara alifumba macho, na baadaye akaenda kuoga akakawia huko bafuni, maji yakimwagika na kumwagika, naye Nzisa amelala akitazama dari, akijiuliza ana nini mwilini mwake kinachohitaji kuoshwa hivyo.

Na bado hakuna mwanamke Kitengela aliyependwa mchana kama Nzisa. Koinet alimpikia. Alimkanda mgongo kwa maji moto siku zake zikifika. Alipokuwa na oda kubwa alikaa naye dukani akipiga pasi mashela, yale mapazia mepesi ya ndani, mwanaume mzima wa Kimaasai, wapita njia wakichungulia na kucheka, yeye asijali. Alikuwa na macho yale ya upole, yenye kope ndefu, ambayo yalimfanya Nzisa aache kumsikiliza mama yake aliyemwambia, "Mwanangu, huko kwa hao watu utaitwa mgeni mpaka uzeeke." Aliolewa akicheka. Rafiki zake walimwonea wivu wazi wazi. Angewaambiaje kwamba mwanaume huyo, taa ikizimwa, anakuwa kama mtu aliyelala kitanda kimoja na dada yake?

Simu ikaita alipokuwa akitoka langoni mwa kliniki. Ni Koinet.

"Yieyo anatuita nyumbani Jumamosi," alisema. Yieyo ndiye mama, kwa lugha yake. Sauti ilikuwa imemkauka. "Wazee watakuwepo."

"Wazee wa nini?"

Nyuma yake ng'ombe alilia.

"Nzisa, tutaongea huko."

* * *

Boma la kina Koinet lilikuwa mbele ya mji wa Kajiado, ukishaacha lami ya kwenda Namanga na kukata kushoto kwenye mawe. Upepo ulikuwa ukipiga mabati. Mzee Simel, ndugu wa marehemu baba yake Koinet, alikuwa ameketi mlangoni na fimbo yake magotini.

"Takwenya, esiankiki," alimsalimu.

"Iko," Nzisa akaitikia, akainamisha kichwa ili mzee amguse.

Esiankiki. Bi harusi. Mke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto wake, Ngoto fulani, na hata aliyeolewa mwaka jana akazaa juzi alishalipata jina lake. Nzisa alikuwa na miaka minne katika boma hilo na bado alikuwa bi harusi. Walilitamka kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma.

Alipita moja kwa moja hadi jikoni kusaidia, kama mke wa boma. Huko akamkuta msichana asiyemjua, mrefu, mwembamba, amevaa blauzi mpya nyekundu ambayo bado ilikuwa na mistari ya kukunjwa dukani. Alikuwa akimimina maziwa kwenye sufuria ya chai.

"Supa," Nzisa alisema. "Wewe ni mgeni wa nani?"

Msichana akatazama chini. "Sijui kama wamekuambia, dada."

"Kuniambia nini?"

"Naitwa Nailantei. Nimeambiwa nikuje nionwe."

Maziwa yakaumuka. Nzisa ndiye aliyeyawahi, akaitoa sufuria motoni kwa mikono mitupu, akaiweka chini. Vidole vilimuungua wala hakuvisikia.

"Uonwe na nani?"

"Na wazee. Na... na yeye."

"Uko na miaka mingapi?"

"Ishirini. Niko chuo hapa Kajiado, nasomea upishi. Nilikuwa nimebakisha muhula mmoja." Akainua macho, na yalikuwa macho ya mtu aliyelia jana akamaliza. "Dada, mimi sikuitisha hii. Baba amerudi nayo Jumatano ikiwa imeisha kupangwa."

"Na wewe unataka?"

"Nani huuliza?" Nailantei akavuta blauzi yake chini. "Wanasema ni mtu mpole. Eti hachapi. Ni kweli?"

"Ni kweli," Nzisa alisema. "Hajawahi kuniinulia mkono."

"Basi si mbaya sana," msichana alisema, akaanza kupanga vikombe.

Nzisa alitoka nje apate hewa. Hasira aliyoitafuta dhidi ya yule msichana hakuipata. Ingekuwa rahisi zaidi kama angeipata.

* * *

Walikaa sebuleni, wazee watano na mama yake Koinet, Nalangu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe mlimani. Koinet alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Hakuwa amemtazama mkewe tangu wafike.

"Mimi sifukuzi mtu," Nalangu alianza. "Huyu Mkamba ni mtu wa kazi. Hata akikuja hapa hakai bure. Lakini jameni, angalieni. Ng'ombe za Kajiado yote zinashika mimba kwa mkono wa mtoto wangu. Watu wanamwita kutoka hapa mpaka Loitokitok. Ni boma lake peke yake ndiyo haina kilio cha mtoto!"

Wazee wakacheka kidogo, kicheko cha adabu.

"Nimemchemshia dawa ya mizizi mimi mwenyewe," Nalangu aliendelea. "Miezi miwili. Ametapika tu bure. Nimeomba, kanisa imeomba. Sasa mimi mama yake nitangoja mpaka lini? Huyu atabaki na nyumba yake, hakuna anayemnyang'anya. Lakini kijana anahitaji mtu wa kumzalia. Msichana ako hapo jikoni. Amelelewa vizuri."

Nzisa alimtazama Koinet. Sema kitu, alimwomba kwa macho. Sema hata kikohozi. Koinet alikuwa akitazama viatu vyake.

Ndipo Nzisa akafungua mkoba, akatoa bahasha ya kliniki.

"Yieyo, wazee, samahani. Mimi niko sawa." Akaichomoa ile picha nyeusi. "Nimepimwa kila kitu. Hii ni picha. Daktari amesema sina ugonjwa."

Mzee Simel aliipokea picha, akaigeuza juu chini, akaishika mbele ya dirisha.

"Karatasi za huko Kitengela zinaandika chenye mtu anataka," mzee mmoja alinong'ona.

"Ngoja," Simel alisema. Hakuwa mtu mbaya, na hakuwa mjinga. "Kama wewe uko sawa, mke wetu, unatuambia ni nani hayuko sawa?"

Vichwa vyote vikamgeukia Koinet.

Nzisa naye akamtazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne akaona vizuri kilichokuwa katika macho yale mazuri. Alikuwa amekiita haya, akakiita uchovu, akakiita upole wa kuzaliwa nao. Kilikuwa hofu. Mumewe alikuwa akiogopa, kama mbuzi anayesikia kisu kikinolewa.

"Mzee," Nzisa alisema polepole, "naomba dakika kidogo niongee na mume wangu."

* * *

Walisimama nyuma ya tangi la maji, karibu na zizi la ndama, mahali ambapo upepo ungebeba maneno yao mbali na nyumba.

"Ingia uwaambie utapimwa," Nzisa alisema. "Hiyo tu. Kikombe kidogo, nusu saa. Watangoja."

"Nilishapimwa."

"Lini?"

"Mwaka ule wa kwanza. Nilienda Nairobi, sikukuambia." Akapangusa uso kwa kiganja. "Niko sawa."

Nzisa akamtazama asielewe. "Uko sawa. Na mimi niko sawa. Sasa mtoto amekataa kukuja kwa nini?"

"Nzisa, wewe unajua kwa nini."

Na kweli alijua. Mtoto haji kwa mara tatu tangu Krismasi.

"Ni mwanamke gani?" aliuliza. "Niambie tu. Ni wa huko mashambani kwenye unazunguka? Uko na mtoto mahali?"

"Hakuna mwanamke."

"Usinidanganye leo! Leo usinidanganye, Koinet!"

"Hakuna mwanamke, Nzisa. Hajawahi kuwa. Hata..."

"Malizia."

Machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti, na alikuwa ameshika ukuta wa tangi kama anayeshikilia asianguke.

"Hata mimi," Nzisa akamalizia. "Unataka kusema hata mimi."

Kisha mambo yakaanza kujipanga yenyewe kichwani mwake, moja baada ya jingine, na hakuweza kuyazuia. Safari za Gataka, kule Rongai, ambako hakukuwa na ng'ombe wengi wa kutibiwa. Simu ambayo ililazwa kifudifudi. Siku ile ya harusi, mtu aliyewasimamia, yule rafiki anayeishi Gataka, aliyemshikia Koinet pete, ambaye alilia kanisani mpaka watu wakasema kweli huyu ni rafiki.

"Mburu," alisema.

Koinet akafumba macho.

Ndama mmoja alisogea akasugua kichwa kwenye uzio. Nzisa alikaa chini juu ya jiwe.

"Nani alikuharibu?" aliuliza kwa sauti ndogo. Ndilo neno alilokuwa nalo. Ndilo alilofundishwa.

"Hakuna mtu aliniharibu. Nimekuwa hivi tangu nikiwa mdogo, kabla nijue kama kuna jina lake. Nilifunga, Nzisa. Niliombewa mpaka nikaanguka. Nikakuoa."

"Kwa hivyo mimi nilikuwa dawa."

"Ulikuwa rafiki yangu! Ulikuwa mtu nampenda kuliko wote wako hapo ndani. Nilifikiria mapenzi ni kitu moja, eti nikikupenda ya kutosha, ile ingine itafuata yenyewe."

"Na ilipokataa kufuata?"

"Nikaogopa."

"Ukaogopa." Nzisa akasimama. Sasa sauti ilikuwa imempanda. "Ile mizizi ya mama yako, Koinet. Nilikuwa natapika mpaka nyongo. Nani alinishikia karai?"

"Nzisa..."

"Nani alinishikia karai?"

"Ni mimi."

"Ulinishikia karai! Ukanipangusa mdomo ukaniambia pole mpenzi. Na ulijua! Ulijua mimi si mgonjwa. Nimefunguliwa miguu mbele ya madaktari watatu. Nimeingizwa vyuma. Nimeombewa pepo la utasa na watu wanashika tumbo langu kama unga. Kama ungenipenda wewe ungesema tu, hata kwa barua, 'Nzisa, si wewe.' Maneno matatu. Mengine ungebaki nayo."

"Ningeanzia wapi? Unawajua hawa watu. Unakumbuka vile walifanyia yule mwalimu? Walimtoa nyumba na shuka tu, na hakuna mtu alikuwa ameona kitu, ni kusikia walisikia eti analala na wanaume."

Nzisa alikumbuka. Alikumbuka pia kwamba siku hiyo Koinet hakula, akasema ni kichwa kinamuuma.

Alitaka kumpiga. Alitaka pia kumshika kichwa akilaze begani mwake, maana hakuwa amewahi kumwona akilia hivi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alijifunga leso yake upya kiunoni, kwa nguvu.

"Sasa nitakuuliza kama vile ningeuliza mtu yeyote," alisema. "Unatoka kwake unakuja kwangu. Mlikuwa mnatumia kinga?"

"Kila mara. Naapa."

"Wacha kuapa. Umepimwa virusi lini?"

"Mwaka jana."

"Jumatatu tutapimwa, mimi na wewe, pamoja. Mwili wangu nao si wa kubahatisha."

"Sawa."

"Na huyo msichana. Ako na miaka ishirini. Ameniuliza kama unachapa, nikasema hapana, akafurahi. Hiyo ndiyo bahati amepewa ya maisha yake."

"Nitamkataa."

"Ukimkataa bila sababu watakuletea mwingine Desemba. Nawe vile nakujua, utanyamaza. Utamshikia karai na yeye."

Koinet alipangusa machozi kwa mkono wa shati.

Nzisa alisogea karibu. Alisema chini kwa chini, neno moja moja. "Naweza kuingia hapo ndani niseme kitu moja tu, na jua likizama hauna kwenu. Unajua naweza. Sitasema. Si eti nimekusamehe, sijakusamehe. Ni vile najua mikono ya hao watu, na hakuna mtu anastahili hiyo, hata wewe. Lakini mimi sitatoka kwa hii boma nikiitwa tasa. Ingia uwaambie shida ni yako. Sema vile unaweza."

"Watanicheka mpaka nikufe."

"Mimi wamenicheka miaka minne. Si unaona bado nakula?"

* * *

Koinet hakukaa. Alisimama katikati ya sebule, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Alianza kwa Kimaa, kisha akageukia Kiswahili, na Nzisa alijua kwamba alifanya hivyo ili yeye asikie kila neno.

"Nzisa ni mzima. Hana shida yoyote na hajawahi kuwa nayo. Shida iko kwangu. Sitaoa mke mwingine, na msinitafutie."

"Shida gani?" Nalangu aliuliza. "Wewe ni daktari! Shida gani isiyo na dawa?"

"Siwezi, Yieyo."

"Huwezi nini?"

"Kuwa mume." Aliinua kichwa. "Siwezi kuwa mume wa mwanamke."

Amelisema, Nzisa alifikiri. Mungu wangu, amelisema lenyewe, mchana kweupe, mbele ya wazee watano.

Lakini walisikia walichokuwa na masikio ya kukisikia. Mzee mmoja aliguna. Mwingine alikohoa ndani ya kikombe chake cha chai, na kikohozi hicho kilikuwa kicheko kilichofichwa vibaya. Nalangu alijivuta shuka, akajifunika kichwa na uso, akaanza kuyumba.

Koinet alibaki amesimama pale. Mwanaume aliyekuwa akipokewa katika kila boma kwa heshima, aliyeitwa daktari na watu wenye umri wa baba yake, alisimama akitazamwa kutoka kiunoni kwenda chini. Nzisa alikuwa ameiomba haki hiyo mwenyewe. Sasa alipoiona haikuwa na utamu wowote mdomoni.

Mzee Simel alipiga fimbo chini mara moja.

"Inatosha. Hakuna mtu atatoa neno hili nje ya hii nyumba." Wote walijua kwamba litafika Kajiado kabla ya magari ya jioni. "Msichana arudishwe kwao. Na wewe, mke wetu..." Akatafuta maneno, akakosa. "Pole."

Nailantei alikuwa mlangoni na birika. Aliliweka chini pale pale kizingitini, bila kumwangalia mtu, akaenda zake. Kupitia dirishani Nzisa alimwona akivuka uwanja kwa hatua za haraka, na alipofika langoni hatua zikawa mbio.

* * *

Jumatatu walipimwa Kitengela, katika chumba chenye viti viwili na pazia ambalo Nzisa, hata katika hali ile, aliona limeshonwa vibaya. Walikaa bega kwa bega. Mshauri alikuwa msichana mchangamfu. Aliwatoboa vidole, akaongea kuhusu mvua, akasoma majibu, akawasomea.

"Nyinyi wote wawili mko sawa kabisa. Hongereni." Aliwatazama kwa zamu, akafurahi kwa niaba yao. "Mnajua ni watu wangapi wanakuja hapa pamoja hivi, mume na mke? Wachache sana. Mkae hivyo hivyo. Mko na watoto?"

"Bado," Koinet alisema.

"Watakuja. Mkipendana watakuja."

Nje, lori za saruji zilikuwa zikipita kuelekea Athi River na vumbi lilikuwa limetanda. Walisimama kando ya ukuta. Watu wakawapita wakiwaona ni mume na mke wanaosubiriana.

"Nitahamisha vitu vyangu wiki hii," Nzisa alisema. "Cherehani iko dukani, hiyo si shida. Nitakaa kwa mama kidogo."

"Utamwambia nini?"

"Ile umewaambia wazee. Nitasema tu hivyo."

Koinet aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amekonda kwa siku mbili. "Nzisa, hata siku moja sikukaa na wewe ili kudanganya watu. Ile mchana, ile kukaa na wewe dukani, kupika, kucheka. Hiyo haikuwa uongo."

"Najua," alisema. "Ingekuwa uongo yote ningepona mapema."

Alimtazama. Kope zile. Bado aliyapenda macho yale, na kumpenda kwake hakukuwa na pa kwenda. Alitaka kumuuliza kama atakwenda Gataka sasa, kama kuna mtu wa kumkanda mgongo yeye. Hakuuliza. Si kila jibu mtu analiweza kwa siku moja.

"Nenda kazi," alimwambia. "Kuna ng'ombe wa mtu anakungoja."

Koinet alinyoosha mkono kama anayetaka kumgusa shavu, kisha akaugeuza njiani ukawa mkono wa kuaga. Nzisa aliushika. Walipeana mikono kama watu waliomaliza mkutano, wakaachana, yeye akaelekea kwenye pikipiki yake, Nzisa akaelekea sokoni.

Hakuwa amefika mbali simu yake ilipoita. Alitazama jina, akataka kuikata, akapokea.

"Mwanangu," sauti ya Nalangu ilisema.

Nzisa akasimama katikati ya njia. Mwenye mkokoteni wa maji alimpigia kelele apishe. Miaka minne, na mwanamke huyo hakuwahi kumwita mwanangu.

"Naam, Yieyo."

"Mwanangu, nimekukosea. Ile mizizi... sikujua. Nilikuwa naona ni wewe." Nalangu alilia kidogo, kwa adabu, kisha akaja kwenye jambo lake. "Sasa sikiza. Usiende kwenu. Vumilia. Mwanaume akiwa hivyo, ni mke wake tu anaweza kumsaidia. Na mtoto ni wa boma, unanielewa? Ukizaa, utazaa kwa boma, hakuna mtu atauliza ni wa nani. Nitamlea kama wangu. Nakuomba ukae. Mke mzuri humficha mume wake."

Vumbi la lori likapita. Nzisa alingoja litulie. Alifikiria kumwambia huyu mama kila kitu, hapa, barabarani, neno kwa neno, ili naye alale nalo. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Nitamficha, Yieyo," alisema. "Nitamficha mpaka nizikwe. Lakini si nikiwa ndani ya nyumba yake."

Akakata simu. Kisha akavuka barabara.